Shingo Upande wa Dereva

Gereji ya Maimuna, nyuma ya kituo cha mafuta,
Mbinga.
10 Juni 2024

Mwalimu Tarsis,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama Elibariki mko salama hapo Mchafukoge. Huku baridi ya Juni imeanza, asubuhi spana hazishikiki, lakini mimi ni mzima na mkono bado unakwenda kinywani.

Nimekupigia simu mara nane tangu wiki iliyopita. Mara ya tisa akapokea Mama Elibariki, akaniambia wewe si mtu wa simu, nikuandikie, barua niipe basi. Haya, Mwalimu. Miaka minne nimekuwa mwanafunzi wako pale Gerezani hukuwahi kuniandikia hata kikaratasi, leo unataka barua. Nimetii.

Shida yangu ni hii. Kuna mzee hapa anaitwa Benjamini, ana malori matano ya kubeba kahawa. Moja alilinunua Kongo mwaka juzi. Injini yake ni ya dizeli, silinda sita, ilizaliwa bila tabo. Fundi mmoja akaifunga tabo na kuiacha manifodi ileile ya zamani. Sasa tabo unaijua, inasukuma hewa kwa nguvu. Na ile manifodi, lile bomba la matawi sita linalogawa hewa kwenye vyumba vya injini, ilitengenezwa kwa injini inayovuta pumzi yenyewe taratibu. Imepasuka mahali pawili, ikazibwa kwa gundi, ikapasuka tena. Hewa inavuja, dizeli haiungui yote, lori linatoa moshi mweusi, na mlimani utingo anashuka anatembea kwa miguu na kulipita.

Mzee Benjamini ameniambia mbele ya watu: lori hili likipanda mlima wa kuingia mjini na tani kumi kabla ya katikati ya Julai, malori yote matano yatatengenezwa kwangu. Lisipopanda, yote yanakwenda gereji ya Songea. Nikuambie ukweli, Mwalimu, pikipiki na mashine za kusaga hazitoshi kunishika hapa. Nikiyakosa malori haya nafunga, narudi Dar kuwa fundi wa kuitwaitwa.

Naomba unitafutie manifodi ya injini hiyohiyo, ila iliyozaliwa na tabo. Nimekuwekea karatasi humu. Nilipaka grisi kwenye uso wa silinda hedi nikaikandamiza hapo, kila tundu na kila shimo la boliti limejichora lenyewe. Jambo moja usilisahau: bomba la hewa kutoka kwenye rejeta ya hewa, ile inayoipoza hewa ya tabo, linapandia upande wa dereva. Kwa hiyo shingo ya manifodi, pale hosi inapovalishwa, ielekee upande wa dereva.

Mwanafunzi wako,
Maimuna


Mchafukoge,
Dar es Salaam.
15 Juni 2024

Maimuna mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa na grisi mpaka kwenye jina langu. Mama Elibariki aliikunjua kwa ncha za vidole juu ya kitambaa chake cheupe cha meza, akaniangalia mimi kana kwamba ndiye niliyeipaka.

Habari ya simu iache. Injini haizungumzwi kwenye simu, kwa sababu simu huwezi kuichorea. Wewe mwenyewe umenitumia mchoro, umeona faida yake.

Alhamisi nilikwenda Gerezani na karatasi yako. Mwanangu, Kariakoo siku hizi imetulia sana. Sijui watu wamepatwa na nini, wote wananong'ona. Nasreen, yule wa duka la spea za malori, zamani alikuwa akimwita mteja aliye mtaa wa pili na mteja anakuja. Siku hizi anachezesha midomo tu. Nikamwambia, "Binti, ongea, au hujala?" Akacheka. Na pale Mnazi Mmoja hawa bodaboda wameacha kabisa kupiga honi. Mmoja nusura anibebe mimi na mkoba wangu.

Turudi kwenye kazi. Nasreen alinitolea manifodi tatu. Ya kwanza ilikuwa imeoshwa na kupakwa rangi ya fedha, inang'aa, muuzaji yeyote angekushikisha hiyo. Nikabana ukingo wake kwa vidole: mwembamba. Hiyo ni ndugu ya hiyo yako iliyopasuka, tabo itaipasua kabla ya Krismasi. Ya pili ilikuwa nene, ya tabo kweli, lakini nilipolaza karatasi yako juu yake, matundu yake yalizidi yako kwa unene wa njiti ya kiberiti kila upande. Hewa ikija kwa kasi ikakuta ukingo umejitokeza njiani, inajikwaa. Ya tatu ilikuwa chafu kuliko zote, imejaa masizi, kwa sababu ina tundu la kurudishia moshi ndani. Nikaweka karatasi yako. Matundu sita yamekaa, boliti zote zimekaa. Nikasema ndiyo hii.

Nimeiloweka kwenye dizeli siku nzima, nimeisugua. Lile tundu la moshi nimeliziba kwa bamba na boliti mbili, maana injini yako haina habari nalo. Kile kitundu kidogo cha juu nimekiacha wazi makusudi. Hapo utafunga mrija mwembamba wa kwenda kwenye pampu, uiambie pampu tabo inasukuma kiasi gani, nayo iongeze dizeli kwa kiasi hicho. Ukikisahau utakuwa umempikia mgeni umemnyima kijiko. Halafu nimeilaza juu ya kioo cha meza ya Mama Elibariki kupima kama uso umenyooka. Hata karatasi ya sigara haikupita chini yake. Kioo kimechubuka kidogo na mimi naishi kwa tahadhari.

Shingo inaelekea upande wa dereva, kama ulivyoagiza. Inapanda basi la kesho. Idi njema mapema.

Mwalimu wako,
Tarsis


Mbinga.
19 Juni 2024

Mwalimu Tarsis,

Shikamoo. Manifodi imefika. Tundu kwa tundu, boliti kwa boliti, imelala kwenye hedi vizuri kabisa, na uzito wake tu unaniambia kwamba hii haipasuki.

Lakini shingo inaelekea upande wa utingo.

Nimeiangalia mara tatu nikidhani ni macho yangu. Nimeigeuza mbele nyuma. Boliti zinakubali, ila shingo inakwenda kugonga ukuta wa kebini, hosi haina pa kupita. Nimejaribu kupindisha bomba la hewa lizunguke mbele ya injini, linagusana na feni. Na haya yote nimeyafanya Mzee Benjamini akiwa amesimama hapo, mikono nyuma. Akaniuliza, "Ndiyo hiyo aliyochagua yule bingwa wako wa Dar?" Niliona aibu kwa ajili yangu na kwa ajili yako.

Nimekupigia, simu imeita mpaka imekata. Nisamehe kama navuka mpaka wa adabu, Mwalimu, lakini nimeudhika. Niliandika upande wa dereva. Niliandika nikasisitiza. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba fundi anapima mara mbili na kukata mara moja, sasa wewe umepima nini? Zimebaki wiki tatu na siku chache. Kama umechoka kuhangaika na mambo yangu, sema tu, nitaelewa.

Na Kariakoo imetulia tangu lini? Mdogo wangu Zamzam anauza mashuka hapo Msimbazi, anasema anarudi nyumbani kichwa kinamgonga kwa makelele.

Maimuna


Mchafukoge.
23 Juni 2024

Maimuna,

Marahaba, ingawa shikamoo yako ilikuwa na miiba.

Barua yako ya tarehe kumi ninayo hapa mbele yangu, na grisi zake. Imeandikwa, nanukuu, "ielekee upande wa dereva." Nilipokuwa kwa Nasreen nilijiweka kwenye kiti cha dereva kwa mawazo, nikanyoosha mkono wa kulia kuelekea dirishani, shingo ikanyooka pamoja na mkono wangu. Nasreen shahidi. Nimefanya kazi hii miaka thelathini na nane na sijawahi kupoteza upande wa dereva. Kama kuna mtu aliyelifunga bomba la hewa kinyume ni huko kwenu, na ni afadhali ulifuatilie bomba hilo kabla hujafuatilia umri wangu.

Kuhusu kuchoka, sijachoka. Ningechoka nisingebeba kilo kumi na nne za alumini kutoka Gerezani mpaka hapa kwa bega.

Tarsis

24 Juni. Barua hii sikuipeleka jana, na ni Mungu tu. Leo asubuhi nilikuwa nasubiri kuvuka barabara karibu na Gerezani, nimesimama ukingoni, likaja lori la safari za mbali lenye namba za kigeni likasimama mbele yangu. Utingo akatoa kichwa dirishani, amenikaribia kabisa, ananiuliza kitu. Nikatazama mikono yake. Ameshika usukani.

Maimuna mwanangu, naomba unijibu jambo moja dogo. Dereva wa lori la Mzee Benjamini anakaa wapi?

Na uliposema lilinunuliwa Kongo, ulikuwa na maana ya Kongo ipi? Mimi nilisoma Mtaa wa Kongo, hapa Kariakoo. Nilijiuliza kidogo ni nani ameanza kuuza malori katikati ya viatu na madira, nikasema labda ni dalali.

Kama ni hivyo ninavyodhani, irudishe manifodi kwa basi. Adamu wa hapa Gerezani anachomelea alumini kwa gesi, ataikata shingo aigeuze. Wiki mbili itakuwa imerudi.

T.


Mbinga.
27 Juni 2024

Mwalimu wangu,

Shikamoo, na hii haina miiba.

Nimesoma mpaka pale pa usukani nikakaa chini kwenye tairi, nikacheka mpaka jirani akaja kuangalia. Anakaa kushoto! Lori ni la Kongo yenyewe, Kongo ya Lubumbashi, limeingilia Tunduma, usukani kushoto. Nimelizoea kiasi kwamba nikilifikiria dereva namwona hapohapo anapokaa, sikumbuki tena kwamba malori mengine yote ya nchi hii dereva anakaa upande mwingine. Tumeandikiana "dereva, dereva," kila mmoja ana dereva wake. Makosa ni yangu. Ningeandika kushoto au kulia mambo yangekwisha. Naomba radhi kwa maneno yangu ya tarehe kumi na tisa, hasa lile la kuchoka. Umebeba kilo kumi na nne kwa bega na mimi nakuuliza umepima nini. Nimejisikia vibaya sana.

Lakini siirudishi. Wiki mbili ni nyingi, na basi likichelewa siku moja tu nimekwisha. Nimeamua kuikata mwenyewe. Shingo imeota kwenye mwili wa manifodi mahali pana na panene, kama pete. Nitaikata hapo kwa msumeno, nisawazishe kwa tupa, nitoboe mashimo manne kwenye unene wa pete na kuyakata uzi. Kisha nitatengeneza shingo mpya ya chuma: bamba la chini lenye mashimo manne, kiwiko cha bomba juu yake, kielekee kushoto. Chuma kwa chuma naweza kuchomelea hapa hapa. Halafu naifunga kwenye manifodi kwa boliti, gasketi katikati. Hakuna kuchomelea alumini, kwa hiyo hakuna kuipinda kwa moto.

Najua utalikubali wazo hili shingo upande. Nimeshindwa kujizuia, nisamehe.

Nitumie kipande cha gasketi nene na hosi ya kiwiko inayostahimili joto. Na uniambie wapi nitaharibu.

Mwanao,
Maimuna


Mchafukoge.
1 Julai 2024

Maimuna mwanangu,

Wazo si baya. Ningependa Adamu afanye, lakini mwenye kazi ni wewe. Nakutumia gasketi, hosi, na klipu mbili pana, zile nyembamba zinakata hosi.

Utakapoharibu ni hapa. Kwanza, usiweke nati ndani ya manifodi hata kama uzi utakusumbua. Nati ikilegea humo injini itaimeza, na hutapata malori matano, utapata kesi. Pili, unga wa msumeno na wa tupa. Ukimaliza kukata, osha, piga upepo, osha tena, kisha pitisha kitambaa cheupe kwenye kila tawi mpaka kitoke kikiwa cheupe. Tatu, shingo ya chuma ni nzito kuliko ya alumini. Itengenezee mguu wa kuishikilia kutoka kwenye hedi, la sivyo mtikisiko utakata boliti zako. Nne, ndani ya kile kiwiko lainisha chomeleo. Matone ya chuma yanayoning'inia ndani yanazuia njia, na siku moja yatadondoka.

Kabla ya kuifunga kwenye injini, ziba midomo yote sita kwa bamba na mpira wa tyubu, jaza upepo kwa kompresa, zamisha kitu chote kwenye pipa la maji kama mziba pancha. Povu halidanganyi. Ukishaifunga, washa, halafu fanya kama nilivyokufundisha.

Kila ninapompita Nasreen ananiuliza kwa ishara ya usukani, kushoto kulia, kushoto kulia, na duka zima linacheka. Nimekuwa mchezo wa watoto. Si vibaya.

Tarsis


(Karatasi ndogo, imekunjwa ndani ya gasketi.)

Maimuna mwanangu,

Ni mimi, Mama Elibariki. Mwenzangu ametoka kwenda Posta, nami nimepata nafasi ya kuandika haya haraka.

Mwalimu wako hasikii. Si kidogo, hasikii. Simu hapokei kwa sababu ikiita haisikii, na nikimpa sikioni anasikia upepo mtupu. Kariakoo haijatulia hata kidogo, mwanangu, ametulia yeye. Gereji aliifunga akasema ni mgongo. Haukuwa mgongo. Anaogopa watu wakijua watasema fundi asiyesikia injini ni fundi gani. Hata Elibariki mwanetu hajui vizuri, anadhani baba yake amekuwa na kiburi cha uzee.

Tangu uanze kuandika amebadilika. Anaamka anauliza basi la Songea limefika? Anaweka karatasi zako chini ya godoro na grisi zake, nami shuka zangu ndiyo basi tena. Nakuomba usiache kumwandikia hata lori likipona. Na usimwambie kwamba nimekuambia, ataninunia mwezi.

Severa


Mbinga.
14 Julai 2024

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Kaa chini kwanza, hii ni ndefu.

Kukata shingo kulinichukua siku moja, kusawazisha pete siku mbili. Nilipoizamisha kwenye pipa mara ya kwanza, povu likatoka kona moja ya bamba langu, povu jembamba lisilokoma. Nikalitoa bamba, nikaliweka juu ya kioo. Lilikuwa limepinda wakati wa kuchomelea. Nikalipiga tupa mpaka mkono ukafa ganzi. Mara ya pili maji yalitulia. Nikangoja muda wa kunywa chai nzima, hayakutoa hata tone la povu. Kitambaa cheupe kimepita matawi yote sita. Mrija wa pampu nimeufunga. Mguu wa shingo upo.

Jana Jumamosi ndiyo ilikuwa siku. Mzee Benjamini alikuja na fundi wa Songea, mtu mzima, mstaarabu, aje kuhakiki. Tukawasha. Yule fundi akatoa kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, ncha nyingine akawa anaitembeza kwenye maungio. Akasikiliza pete, akasikiliza shingo, akasikiliza hosi. Akasema, "Iko sawa, pakieni." Watu wakaanza kupakia kahawa.

Mimi nikafanya kama ulivyonifundisha. Nikalowesha mkono kwenye ndoo, nikamwambia dereva akanyage mafuta, nikapitisha mgongo wa mkono kwenye kila ungio polepole. Chini ya hosi, upande usioonekana, nikahisi ubaridi kidogo kwenye kidole cha mwisho. Kidogo mno, ungeweza kudhani ni upepo wa feni. Nikapitisha tena, ubaridi ukawa palepale. Klipu ilikuwa imekalia ukingo badala ya kukalia bomba. Kwa kelele ile ya injini hakuna sikio ambalo lingeigundua, na mlimani, tabo ikisukuma kwa nguvu zote, hosi ingechomoka na lori lingekufa katikati ya mlima na tani zake kumi.

Yule fundi akapitisha mkono wake mkavu, hakuhisi kitu. Akaulowesha, akahisi. Akaniangalia. Akauliza, "Binti, nani alikufundisha hivi?" Nikamwambia jina lako, na jina la baba yako nikaongeza. Kisha nikaisogeza klipu mahali pake, nikaikaza.

Tulipanda mlima, Mwalimu. Mimi na Mzee Benjamini na dereva, utingo akiwa juu ya mzigo. Pale kwenye kona ambapo siku zote linashushwa mpaka gia ya kwanza, dereva alibaki gia ya tatu. Nikageuka kuangalia moshi kwenye kioo, hakukuwa na moshi wa kusimulia. Kiti kilikuwa kinatetemeka sawasawa, mtetemo mzito, mmoja, kuanzia chini mpaka juu. Nimeuweka mkono kwenye dashibodi njia nzima. Tulipofika kileleni Mzee Benjamini alishuka, akafungua boneti mwenyewe, akaiangalia ile shingo ya chuma iliyopinda kushoto, akaguna. Leo asubuhi ameleta funguo nne za malori mengine, amezimwaga mezani kwangu, akaenda zake. Nimelia, sifichi.

Jana usiku sikuwaza lori, nimekuwaza wewe. Miaka minne Gerezani sikukuona hata siku moja ukiinamisha sikio kwenye injini. Mafundi wa jirani walikuwa na bisibisi zao masikioni, sisi kwako tulikuwa na ndoo ya maji na viganja. Mimi nilidhani ndivyo ufundi ulivyo. Mpaka leo ndivyo ninavyodhani. Mwalimu, sikuulizi kitu. Nataka tu ujue kwamba mkono ulioniokoa jana umetoka kwako, na kwamba kama ungenifundisha kusikiliza kama wengine, leo ningekuwa nafungasha virago.

Yapo malori manne, kila moja na ugonjwa wake, na sitaki kuyaanza peke yangu. Njoo, Mwalimu. Chumba kipo, blanketi lipo, chai ya tangawizi ipo. Mama Elibariki aje pia kama shuka zake zitamruhusu.

Mwanao,
Maimuna


Mchafukoge.
20 Julai 2024

Maimuna mwanangu,

Severa amekuambia. Usihangaike kumtetea, amekiri mwenyewe jana tukiwa mezani, bila kuulizwa. Nilisoma barua yako mara tatu nikanyamaza, na yeye hawezi kuvumilia mtu mwingine akinyamaza. Halafu habari za shuka ungezijuaje wewe?

Basi niandike mwenyewe. Sisikii. Sikio la kushoto lilikwenda kabla hujaja kwangu. La kulia liliondoka taratibu, ulipokuwa mwaka wa pili nilikuwa nasoma midomo yenu. Ukikumbuka nilivyokuwa nikiwakaripia mkiongea huku mmeinamia injini, sasa umejua sababu. Mgongo wangu hauna kitu. Watu wa Kariakoo hawanong'oni, nalijua hilo, nilijua nikiandika. Niliona aibu, mwanangu. Nilisema moyoni, nani atamwachia injini mtu asiyeisikia?

Na kuna jambo baya zaidi ambalo Severa halijui. Kwa miaka yote hii nilikuwa nikiamini kwamba nimekudhulumu. Nilikufundisha mkono kwa sababu sikuwa na kingine cha kukufundisha. Ulipoondoka kwenda Mbinga nilikusindikiza mpaka kituoni huku nikijua umebeba nusu ya ufundi, na kwamba iko siku utasimama mbele ya watu na ile nusu nyingine itakosekana, utaaibika, na hutajua kwamba ni mimi. Ulipoandika tarehe kumi na tisa kwamba umeona aibu, nilijua siku hiyo imefika. Ndiyo maana nilikujibu kwa ukali. Kumbe dereva alikuwa amekaa kushoto tu.

Nimefurahi. Nimefurahi mpaka nimeshindwa kumaliza chakula, na ulikuwa wali wa nazi. Nimemsomea Severa pale pa kidole cha mwisho mara mbili, akaniandikia kwenye kipande cha karatasi, "Sasa umeamini?" Nimeamini.

Jana nimekwenda kwa Nasreen nikamwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwamba sisikii, aniandikie bei. Akashika kichwa kwa mikono miwili. Nadhani alipiga kelele, maana duka zima liligeuka. Kisha akachukua kalamu.

Nakuja. Basi la Jumatano tarehe ishirini na nne, Severa anabaki kulinda kioo chake. Nimenunua gasketi za malori manne, kushoto na kulia tutajua huko huko. Stendi kutakuwa na watu wengi. Ukiniona nashuka usiniite jina, sitageuka. Njoo unishike bega.

Tarsis